Neno "Brave" na Majina Matatu ya Kijerumani

Mwaka 1932 riwaya ya Aldous Huxley iitwayo "Brave New World" ilitolewa London, na katika mwaka huo huo ikatolewa Leipzig kwa Kijerumani. Mfasiri, Herberth E. Herlitschka, aliipa jina la "Welt – wohin?", yaani "Dunia, waenda wapi?" Mwaka 1950 tafsiri yake ikatoka tena Zürich, safari hii kwa jina la "Wackere neue Welt", na mwaka 1953 ikatoka kwa jina la "Schöne neue Welt", ambalo ndilo lililoshika mizizi hata leo. Mfasiri alikuwa mmoja na kitabu kilikuwa kimoja, lakini katika muda wa miaka 21 jina lilibadilika mara mbili. Maneno mawili ya mwisho katika jina la Kiingereza hayakumsumbua mtu: "new" ni "neu", na "world" ni "Welt". Taabu yote ilitokana na kivumishi kimoja chenye herufi tano.

Jambo hilo lingeweza kuachiwa wauza vitabu kama lingehusu jalada tu. Lakini jina la riwaya hii limetwaliwa katika mchezo wa Shakespeare, na maneno yake hurudiwa ndani ya riwaya mara baada ya mara, kila mara kwa maana mpya. Kwa hiyo mwenye kukichagulia kivumishi hicho neno la Kijerumani hachagui jina tu. Anaamua pia jinsi mhusika mkuu atakavyosikika katika saa tatu kubwa za maisha yake. Yafaa basi kulipima neno lenyewe kwanza, kisha kuyapima majibu ya Wajerumani, na mwisho kuuliza kama jibu lililoshinda lilistahili kushinda.

Neno "brave" liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa, na Kifaransa kililipata kwa Kiitaliano, ambamo "bravo" limekuwa na maana nyingi. Mwimbaji akiimba vema watazamaji humpigia kelele za "bravo". Lakini katika karne ya 17 wale majambazi wa kukodiwa na wakuu nao waliitwa "bravi". Katika Kiingereza cha wakati wa Shakespeare neno lilikuwa na pande mbili zenye nguvu sawa. Upande mmoja ulikuwa ushujaa, kama wa askari asiyeogopa. Upande wa pili ulikuwa fahari: nguo za kupendeza, sura njema, chombo kilichopambwa, chochote kinachojaza macho. Baadaye upande wa pili ulififia, na Mwingereza wa leo akilisikia neno hilo peke yake huwaza ushujaa tu. Ndiyo kusema kwamba hata Mwingereza wa mwaka 1932 hakulipata jina la Huxley bila kazi. Ilimpasa kurudi nyuma zaidi ya miaka 300 ili kuisikia ile fahari ya kale, na wakati huo huo ule ushujaa wa Kiingereza cha kisasa ulikuwa bado unalia sikioni mwake.

Mchezo wa "The Tempest", uliochezwa mbele ya mfalme mwaka 1611 na kuchapwa kwanza mwaka 1623, umelitumia neno hili kwa wingi na kwa makusudi. Miranda, binti aliyekulia kisiwani pamoja na baba yake, hulitaja kwanza kuisifu merikebu aliyoiona ikipigwa na tufani. Halafu hulitaja tena alipomwona kijana Ferdinand na kudhani kwamba ni roho na si mtu. Kaliban naye alitumia neno lilo hilo kumsifu Stephano, mlevi mwenye chupa, ambaye kwa kuwa kileo chake kilikuwa kitamu alionekana kwake kuwa mungu. Stephano akalirudisha kwa Kaliban mwenyewe. Mwishoni Miranda anawaona waungwana wa Italia wamesimama mbele yake, akastaajabu, na ndipo alipoyatamka yale maneno ambayo Huxley aliyachukua kuwa jina la kitabu chake. Miongoni mwa hao aliowasifu yumo Antonio, aliyemnyang'anya ndugu yake utawala, na yumo Sebastian, aliyekuwa tayari kumwua ndugu yake usingizini. Baba yake Miranda, ambaye anawajua, anamjibu kwa maneno machache tu kwamba upya huo ni upya kwake yeye Miranda.

Hivyo neno hilo lina kazi maalumu katika mchezo wote. Ni sifa ya jicho linaloona nje bila kujua ndani. Merikebu iliyosifiwa inaelekea kuzama, mungu aliyesifiwa ni mlevi, na dunia mpya iliyosifiwa ni ile ile ya zamani iliyobadili mavazi. Hata hivyo Shakespeare hamcheki Miranda. Stahajabu yake ni ya kweli, na utamu wa moyo wake ndio unaowafanya watazamaji waone uchungu wa jibu la baba. Mfasiri mwema hana budi kulinda mambo yote mawili: furaha isiyo na hila, na kivuli kilicho nyuma yake.

Katika Kijerumani mtego wa kwanza ni neno "brav". Ni ndugu wa "brave" kwa asili, nalo liliingia Kijerumani kutoka lugha hizo hizo za kusini katika karne ya 16 na ya 17. Hapo zamani lilikuwa neno la kiume. Katika karne ya 18 Gottfried August Bürger alitunga utenzi wake mashuhuri juu ya "brav" aliyejitosa katika mafuriko kuwaokoa watu wa nyumba iliyozingirwa na maji, kisha akaikataa zawadi ya fedha. Na hapo neno lilimaanisha mtu shujaa na mwadilifu kwa pamoja. Lakini tangu wakati huo limeshuka ngazi. Leo "ein braves Kind" ni mtoto mtiifu, akaaye kitako alipoambiwa na kumaliza chakula chake. Mwenye kuandika "Brave neue Welt" angempa msomaji wa Kijerumani dunia mpya iliyotulia kama mtoto mwenye adabu. Kwa kicheko cha uchungu mtu angeweza kusema kwamba maana hiyo ingeifaa dunia ya Huxley kuliko zote, kwa kuwa ndiyo dunia yenyewe: watu wazima waliolelewa kuwa watoto watiifu hata kufa. Lakini kicheko hicho kingekuwa cha mfasiri, si cha mwandishi. Tena Miranda asingeweza kukitamka bila kuonekana mjinga.

Kwamba neno "brav" laweza kumtawala msomaji zaidi ya asili yake, jambo hilo limeonekana katika kitabu kingine. Jaroslav Hašek, Mcheki, aliandika kati ya mwaka 1921 na 1923 visa vya askari wake Švejk, na katika jina la kitabu alimwita kwa kivumishi cha kawaida kabisa cha Kicheki, "dobrý", yaani mwema. Grete Reiner alipokifasiri kwa Kijerumani mwaka 1926 alimwita "der brave Soldat". Neno moja hilo lilichanganya mtu mwema, mtu mtiifu na askari hodari, na kwa muda wa miaka mingi Wajerumani wakamsoma Švejk kupitia mchanganyiko huo. Mwaka 2014 Antonín Brousek alitoa tafsiri mpya akarudi kwenye "gut", neno lililo karibu zaidi na lile la Kicheki. Wako waliosikitika, kwa sababu lile kosa la kwanza, kama ni kosa, lilikuwa limezaa utamu wake. Kisa hicho chafundisha kwamba kivumishi kikikaa juu ya jalada kwa miaka 80 hakiwi tena tafsiri ya neno. Huwa sehemu ya mtu mwenyewe.

Njia ya pili ya Kijerumani ni "wacker", nayo ina nasaba ya heshima. August Wilhelm Schlegel alipoifasiri "The Tempest" mwaka 1798 ndilo neno alilomtia Miranda kinywani. Wajerumani wengi walimjua Shakespeare kwa Kijerumani cha Schlegel, kwa hiyo maneno haya yalikuwa yamekwisha kuwa mali yao kabla Huxley hajazaliwa. "Wacker" ni neno la Kijerumani halisi, lililotokana na mzizi wa "wach", yaani kuwa macho. Kwanza lilimaanisha mtu akeshaye, halafu mtu imara, mwaminifu, asiyerudi nyuma. Lilikuwa na fahari ya kutosha kwa Miranda na ushujaa wa kutosha kwa askari. Katika maneno yote ya Kijerumani hakuna lililolikaribia "brave" la Shakespeare zaidi yake. Ubaya wake ni umri. Katika karne ya 20 "wacker" lilikuwa limekwisha kuwa neno la kuwasifia wanaojitahidi bila matumaini ya kushinda, kama timu ndogo iliyofungwa lakini ikacheza kiume. Mwenye kuliona juu ya jalada la kitabu kuhusu dunia ya wakati ujao angedhani ni hadithi ya mafundi wa zamani na vyama vyao.

Herlitschka alianza kwa kulikimbia tatizo hili. Jina "Welt – wohin?" halina kivumishi chochote. Linaliacha neno gumu, linaiacha pia kumbukumbu ya Shakespeare, na mahali pake linaweka swali ambalo mwaka 1932 lilikuwa midomoni mwa Wajerumani wote. Hilo halikuwa badiliko la pekee. Katika tafsiri hiyo hadithi yote ilihamishwa kutoka London ikapelekwa Berlin; mtawala Mustapha Mond, ambaye jina lake linawakumbusha Waingereza tajiri mmoja wa viwanda vya madawa, akawa Mustafa Mannesmann, ili Wajerumani nao wakumbuke kiwanda chao cha mabomba ya chuma; na John, kijana wa nyikani ambaye watu wa mjini humwita Mshenzi, akaitwa Michel, jina ambalo Wajerumani hujitania nalo wenyewe. Kwa mpango wa namna hiyo swali la "wohin" ni halali. Lakini swali huelekezwa kwa msomaji, na maneno ya Miranda si swali. Jina hilo lamwonya mtu kabla hajafungua kitabu. Huxley alitaka kwanza afurahi, kisha aonyeke.

Ndipo likaja jina la 1950, ambalo lilimrudia Schlegel waziwazi, na baada ya miaka mitatu likaondolewa kwa ajili ya "Schöne neue Welt". Sifa za "schön" ni nyingi, wala si haki kuzipunguza. Ni neno hai, la kila siku, ambalo mtoto analijua. Asili yake iko karibu na "schauen", kutazama, na kwa hiyo laafikiana na Miranda ambaye kosa lake lote ni kutazama. Juu ya hayo lina kejeli iliyofichwa ndani yake. Mjerumani akivunjikiwa na mtungi husema kwamba hilo ni jambo "schön". Akisalitiwa na rafiki humwambia kwamba yeye ni rafiki "schön" kwelikweli. Neno moja hilo husifu na kulaumu, na tofauti hukaa katika sauti. Kwa jina la kitabu kinachosifu ili kilaumu, isingekuwa rahisi kupata neno bora. Ushindi wake umekuwa mkubwa hata jina limekuwa msemo: magazeti yakitaka kukebehi mtambo mpya au utaratibu mpya wa kazi huandika "schöne neue" na kuongeza jina la kitu chenyewe. Eva Walch katika Ujerumani Mashariki mwaka 1978, na Uda Strätling mwaka 2013, walifasiri riwaya upya, na Strätling akairudisha hadithi London. Lakini hakuna kati yao aliyeligusa jina.

Kama hesabu ingeishia hapo, shauri lingekwisha. Lakini jina hili limetolewa ndani ya kitabu, na ndani ya kitabu ndimo linamopaswa kupimwa. John amekulia katika hifadhi ya Wahindi wekundu huko New Mexico. Amejifunza Kiingereza cha fahari katika kitabu kikuukuu cha Shakespeare alicholetewa nyumbani kwa mama yake, na hana maneno mengine ya kulitaja jambo kubwa. Mara tatu, katika sura ya 8, ya 11 na ya 15, maneno ya Miranda yanamjia kwa uzito.

Mara ya kwanza ni pale Bernard Marx anapojitolea kumchukua yeye na mama yake Linda mpaka London. John anamfikiri Lenina, msichana aliyemwona siku ile, na dunia aliyosimuliwa na mama yake tangu utotoni, na maneno yanamtoka kwa furaha tupu. Bernard anamshauri angoje kwanza aione dunia hiyo. Naye bila kujua anachukua nafasi ya baba yake Miranda. Hapa maana ni fahari, nayo ni fahari safi. Neno "schön" latosha, na "wacker" la Schlegel latosha pia.

Mara ya pili ni kiwandani. John anatembezwa kati ya makundi ya wafanya kazi waliozaliwa chupani, pacha kwa makumi, wenye uso mmoja na mikono mamoja. Maneno yale yale yanamrudia kana kwamba kumbukumbu yake inamfanyia ubaya, naye anatoka nje kwenda kutapika. Hapa maana ni kejeli kali. Neno "schön" linatenda kazi hii kwa urahisi, pengine vizuri kuliko "brave" lenyewe, maana Mwingereza hana desturi ya kukebehi kwa neno hilo katika mazungumzo ya kila siku.

Mara ya tatu ni hospitali, ambako Linda amekufa baada ya kunywa dawa ya usingizi kwa wiki nyingi. John anatoka kitandani kwake akakutana na watumishi 162 wa tabaka la chini, wa sura mbili tu, wanaongoja kugawiwa vidonge vyao vya siku. Mwanzoni maneno ya Miranda yanamcheka kama yalivyomcheka kiwandani. Halafu ghafula yanageuka sauti. Hayasemi tena kwamba dunia hii ni ya fahari, wala kwamba si ya fahari. Yanamwamuru aifanye iwe hivyo. Hata ubaya huu, John anaona, waweza kugeuzwa kuwa kitu cha heshima, ila lazima awepo wa kuugeuza. Ndipo anaposimama mbele ya watu wale kuwaambia kwamba vidonge ni sumu ya roho zao, akavichukua na kuvitupa dirishani kwa makonzi mpaka ghasia ikatokea. Katika Kiingereza badiliko hili halihitaji neno jipya. Ile maana ya pili ya "brave", yaani ushujaa, iliyokuwa imelala tangu jalada la kitabu, inaamka saa hiyo na kulikamata neno. Fahari imekuwa kejeli, na kejeli imekuwa ushujaa; kivumishi kimoja kimesafiri njia yote.

Neno "schön" halifiki huko. Linaweza kusifu na linaweza kukebehi, lakini haliwezi kuamuru. Mtu hawezi kuambiwa awe "schön" na kwa sababu hiyo akajitupa mbele ya watu 162. Msomaji wa Kijerumani, akiifikia sura ya 15, huambiwa na msimulizi kwamba maneno yamegeuka mwito, naye huamini kwa kuwa ameambiwa. Msomaji wa Kiingereza huusikia mwito huo ndani ya neno. Kuambiwa na kusikia si mamoja. Na hasara hiyo haikuangukia pambo la lugha tu, bali imeangukia swali kubwa la riwaya: je, John ni mtu aliyedanganywa na maneno ya kitabu kikuukuu, au ni mtu aliyeyatii? Mwenye kusoma "schön" mara zote tatu humwona mtu aliyeamini uzuri, akakuta ubaya, kisha akawa kama mwenda wazimu. Mwenye kusoma "brave" humwona, walau kwa dakika chache, mtu ambaye maneno ya kale yamempa kazi ya kufanya.

Tena mafanikio ya jina la Kijerumani yameleta hasara nyingine ambayo mwaka 1953 haikuweza kutazamiwa. Kwa kuwa msemo huo sasa ni wa kejeli tupu, msomaji wa leo huisikia kejeli tangu sura ya 8, ambapo kijana yule hana kejeli hata chembe. Waingereza nao wamepatwa na jambo kama hilo, maana msemo wao umechakazwa vile vile na magazeti. Lakini kwao neno lenyewe, likitengwa na msemo, bado lina ushujaa wa kuamka nao. Neno "schön" likitengwa na msemo hubaki uzuri tu.

Wenye kulitetea jina la 1953 watasema kwamba hapana neno la Kijerumani litakalotosha mara zote tatu kwa watu wa leo, na kwamba "wackere" ingemfanya msomaji acheke mahali pasipofaa. Hoja ya kwanza ni ya haki nusu. "Tapfer", neno la kawaida la ushujaa, linaifaa mara ya tatu peke yake, na kumtia Miranda kinywani lingekuwa upuuzi, kana kwamba dunia imekwenda vitani. "Brav" limekwisha kataliwa. Lakini "wacker" lina fahari ya mara ya kwanza kwa kuwa Schlegel alilipa. Likisemwa kwa wale pacha wa kiwandani lina kejeli chungu. Na mara ya tatu mzizi wake, ule wa kuwa macho, ungesimama mbele ya watu waliolazwa kwa vidonge kana kwamba uliwekwa hapo kwa makusudi. Hoja ya pili ina nguvu zaidi, lakini ni hoja ya jalada. John mwenyewe husema kwa maneno ya kale ambayo watu wa mjini huyacheka. Akisikika kama mtu wa zamani, anasikika kama alivyo. Neno lililochakaa halimdhuru mhusika ambaye msiba wake ni kwamba lugha yake imechakaa.

Hukumu basi yaweza kutolewa kwa vipande viwili. "Schöne neue Welt" ni jina jema la kitabu, na ni tafsiri pungufu ya neno. "Wackere neue Welt" lilikuwa jina baya la kitabu, na lilikuwa tafsiri iliyo kamili zaidi. Dukani jina jema hushinda, na pengine halina budi kushinda. Lakini mhakiki hana wajibu wa kuita ushindi huo usahihi. Wala haitoshi kusema kwamba mfasiri angeweza kuweka "schön" nje na "wacker" ndani, kwa maana hapo kamba iliyofunga jalada na kinywa cha John ingekatika, na kamba hiyo ndiyo Huxley aliyoanza nayo.

Mfano wa Wafaransa waonyesha jambo hilo kutoka upande mwingine. Jules Castier, aliyeifasiri riwaya mwaka 1932, aliiita "Le Meilleur des mondes", yaani "Dunia iliyo bora kuliko zote". Alimwacha Shakespeare, akakamata fikira ya Leibniz ambayo Voltaire aliifanyia mzaha katika "Candide" mwaka 1759 na ambayo kila Mfaransa aliyesoma anaijua. Alitoa kumbukumbu moja akaweka nyingine, na jalada lake ni zuri kwelikweli. Lakini maneno hayo hayamhusu Miranda. Wajerumani hawakuhitaji kuazima kumbukumbu ya namna hiyo. Walikuwa nayo yao, tena ya Shakespeare yule yule, nao wakaiacha kwa sababu ya umri wake.

Kwa wafasiri wa Kiswahili suala hili si la mbali. S. S. Mushi aliifasiri "The Tempest" kwa jina la "Tufani" mwaka 1969, na mwaka huo huo Julius Nyerere alitoa "Mabepari wa Venisi", ambamo neno lenye maana ya wafanya biashara lilipewa maana moja tu kwa ukali wa siku zile zilizofuata Azimio la Arusha la 1967. Jina hilo lafanana na "Welt – wohin?" kwa tabia: ni wakati wa mfasiri uliosema, na ulisema kwa nguvu. Mwenye kukabili "brave" kwa Kiswahili atakuta mbele yake njia zile zile za Wajerumani. Kamusi zitamwelekeza kwenye "hodari", "jasiri" na "shujaa", na hayo ni "tapfer". "Nzuri" ni "schön", bila kejeli yote ya Kijerumani. "Njema" ina uadilifu, kama "brav" kabla halijashuka ngazi. Yako pia maneno "ya ajabu", ambayo Kiswahili hukitumia badala ya kivumishi halisi, nayo ni tajiri: mtu wa ajabu aweza kuwa wa kusifiwa na aweza kuwa wa kuepukwa, na hata jina la Miranda kwa Kilatini humaanisha mwenye kustaajabiwa. "Dunia mpya ya ajabu" ingembeba kijana yule mpaka Berlin na London, na ingemfikisha mpaka kiwandani. Hospitali ingemwacha mlangoni, mahali pale pale ambapo "schön" lilimwacha.

Hiyo ndiyo faida ya kuyatazama majina matatu ya Kijerumani kwa pamoja. Desturi ya kamusi ni kukigawa kivumishi katika maana zake na kuzipa namba, na mfasiri mwenye haraka huchagua namba moja akaendelea na kazi. Kwa neno linalotokea mara moja, desturi hiyo haina madhara makubwa. Kwa neno linalorudi, kipimo ni kingine. Neno la kuchagua si lile linalokaa vizuri mahali lilipotokea kwanza, bali ni lile litakaloweza kufika lilipotokea mwisho. Na mfasiri hana budi kuanza kuisoma sura ya mwisho ya neno kabla ya kuliandika mara ya kwanza.